Kamera ndogo ya mfukoni ya kutembea nayo kila siku huku pwani ya kusini, nichukue ipi?

Mwl_Mikindani

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kwa wanaozijua kamera. Nafundisha sekondari huku Mikindani na napenda sana kupiga picha za mambo ya kila siku, mafundi wanaotengeneza mashua pale ufukweni, kina mama wakibangua korosho, watu wanaoshuka pantoni la Msangamkuu, mapiko (wale wachezaji wa ngoma wanaovaa vinyago) wakicheza msimu wa jando. Sasa hivi natumia simu na mchana haina shida, ila giza likiingia tu ndo basi tena, ngoma ikipigwa usiku kwa taa ya jenereta picha zinatoka ukungu mtupu, na nikimvuta mtu aliye mbali sura yote inavurugika. Halafu simu ndo hiyo hiyo ya kutuma pesa na magrupu ya wazazi, ikiisha chaji jioni nimekwama kila kitu.

Kamera kubwa ya kuning'iniza shingoni siitaki, ukiitoa tu watu wanaacha walichokuwa wanafanya wanaanza kujipanga. Nataka ya kuingia mfuko wa suruali. Bajeti ni laki saba mpaka laki tisa, mtumba poa tu. Nimeziangalia Sony RX100 ile ya kwanza, Canon G9 X Mark II na Olympus TG-6, ila kuna jamaa wa dukani anasema nisihangaike na mitumba nichukue Canon IXUS 285 mpya kwenye boksi kwa sababu nayo ina megapikseli 20 sawa na hizo Sony na Canon. Ni kweli ni sawa? Hasa nataka kusikia kwa mtu anayetumia huku kwetu kwenye chumvi na vumbi.

Studio_KilwaMasoko

Mwalimu huyo wa dukani namba ameitaja vizuri ila namba yenyewe haikusaidii kwa shida yako. Megapikseli 20 za IXUS 285 zimebanwa kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya kama milimita 6 kwa 4.6, RX100 na G9 X zina sensa inayoitwa ya inchi 1, ambayo kwa kipimo halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8, piga hesabu utaona eneo ni kama mara 4. Ni kama jamvi la kuanikia korosho, jamvi likiwa pana kila punje inapata jua lake, likiwa dogo zinarundikana. Mchana hutaona tofauti kubwa, ila usiku ndo utajua.

Cha pili ambacho watu hawakiulizi kabisa dukani ni lenzi inafunguka kiasi gani. Angalia ile namba ya f mbele ya lenzi, ikiwa ndogo ndo inaingiza mwanga mwingi. RX100 inaanza f/1.8, G9 X inaanza f/2, IXUS inaanza f/3.6 na ukivuta zumu mpaka mwisho inafika f/7, hiyo kwa ngoma ya usiku sahau. Lakini hata RX100 ukivuta mpaka mwisho inashuka hadi f/4.9, mwanga unaoingia unapungua kama mara 7, kwa hiyo usiku zumu usiiguse kabisa, iache pana kisha sogea kwa miguu. Weka spidi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) kwenye 1/200 ya sekunde hivi, ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuona mwanga) iache ijipandishe yenyewe mpaka 3200, utapata mchezaji ametulia na picha itakuwa na chenga kidogo ambazo ukiichapisha hazikeri.

Watu wanaidharau RX100 kwa sababu ni ya 2012, mimi naona ndo thamani kubwa zaidi kwenye bajeti yako. Ukikutana na ile Mark III ya 2014 kwa bei inayoshikika usiiache, lenzi yake ni f/1.8 mpaka f/2.8 kwa hiyo hata ukivuta bado inaona. Canon G7 X Mark II nayo ni tamu sana kwenye hilo ila vijana wa mitandaoni wameipandisha bei mpaka haina uhusiano tena na umri wake.

Na mapiko mwalimu ongea na wazee kwanza, wewe mwenyewe unajua sio kila sehemu ya shughuli ni ya kupigwa picha.

Mpiga_Mbizi_Msimbati

Naheshimu maelezo ya mkuu wa Kilwa Masoko ila mbona mnamchagulia mwalimu kamera ya ukumbini wakati yeye yuko baharini? Someni tena alichoandika, mashua, ufukwe, pantoni. Mimi niko Msimbati, hapa upepo wa kusi ukivuma mchanga unaingia mpaka kwenye chai, na hizo kamera zenye lenzi inayochomoza na kurudi ndani nimeona za wageni zikifa mbele ya macho yangu.

TG-6 lenzi haichomozi kabisa, zumu yote inafanyika ndani. Inazama mita 15 bila kuvalishwa chochote, imetengenezwa kuhimili kuanguka kutoka mita 2.1, na inapiga kitu kwa karibu mpaka sentimita 1, mimi huwa napiga kaa wadogo wa mchangani unahesabu mpaka vinyweleo vya miguu. Sensa yake ni ndogo ile ile ya kina IXUS, hilo sipingi, ila wameweka megapikseli 12 tu na lenzi inaanza f/2, kwa hiyo jioni inajitahidi. Kwani ngoma ya usiku ni mara ngapi kwa mwaka na jua la mchana ni mara ngapi? Kamera unayoiogopea utaiacha nyumbani kila mvua ikitanda.

Sharti lake moja: ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi KABLA hujafungua kimlango cha betri, na ule mpira wa kimlango uuangalie kila mara, punje moja ya mchanga pale inatosha kupitisha maji.

Fundi_Lindi_Mjini

Mimi nafungua hizi kamera mezani kwangu Lindi kwa hiyo nasema ninachokiona. Mpiga mbizi yuko sahihi kuhusu mchanga. Lenzi ikichomoza na kurudi inavuta hewa na vumbi linaingia nayo, mchanga ukikamata kwenye zile gia ndogo za plastiki utasikia mlio wa kukwaruza, halafu lenzi inakwama nusu nje na skrini inakwambia uzime uwashe. Zinazoharibika hivyo nyingi zilikuwa zinakaa mfukoni uchi, pamoja na funguo na sarafu. Kwa hiyo mwalimu ukichukua RX100 shona au nunua kifuko kidogo chenye zipu, na ukiwa ufukweni upepo mkali usiizime na kuiwasha kila dakika.

Kuhusu mtumba sikiliza vizuri. Ukiishika mkononi vuta zumu mbele na nyuma taratibu huku umeiweka sikioni, mlio uwe laini mwanzo mpaka mwisho. Kisha weka f/11 upige ukuta mweupe au anga tupu, ikuze picha kwenye skrini, ukiona madoa meusi yanakaa pale pale kila picha hilo ni vumbi limeshakaa kwenye sensa, na kwenye hizi kamera lenzi haitoki kwa hiyo kusafisha ni kuipasua yote. Mulika tochi kwenye lenzi kwa pembeni, ukiona vinyuzi vyeupe ndani hiyo ni fangasi, rudisha. Na muulize muuzaji imetoka wapi, Sony nyingi zilizouzwa Japani menyu yake ni Kijapani peke yake na huwezi kubadilisha lugha, watu wanaletewa hapa wanadhani ni kuset tu.

Uzuri wa RX100 betri yake NP-BX1 inaingia kwenye RX100 zote zilizofuata kwa hiyo haipotei sokoni, na inachajiwa ndani ya kamera kwa waya wa micro-USB, powabanki inatosha umeme ukikatika. Nyumbani itunze kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu. Mchele usitumie, una vumbi lake. Na ukitoka kwenye chumba cha AC kwenda nje usiitoe hapo hapo, iache ndani ya begi ipate joto kwanza, la sivyo lenzi inajaa mvuke.

Mimi kwa ulivyoeleza, shida iliyokuleta hapa ni usiku, mchana simu yako inatosha. Chukua sensa ya inchi 1.

Mwl_Mikindani

Aisee asanteni sana, IXUS nimeshaiondoa. Nimeelemea RX100, G9 X nitaichukua tu kama nikikuta safi kwa bei ndogo. Swali la mwisho, mchana wanafunzi wakisimama ufukweni mchanga ule mweupe nyuma yao, sura zinatoka nyeusi kabisa macho hayaonekani. Kamera hizi zitasaidia au ni vile vile?

Studio_KilwaMasoko

Hiyo kamera yoyote itafanya hivyo mwalimu, inauona mchanga unavyong'aa inajipunguzia mwanga. Kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, pandisha mpaka +1 hivi, mchanga kwenye picha utatoka mweupe kupita kiasi kidogo ila sura zitarudi. Au washa flashi mchana mchana, watu wanacheka lakini RX100 shata yake iko ndani ya lenzi kwa hiyo inakubali flashi hata kwenye spidi kubwa juani, wewe kaa mita moja na nusu mpaka mbili tu maana flashi yenyewe ni ndogo. Bora zaidi wasogeze kwenye ukingo wa kivuli cha mkorosho, nyuso zielekee kule kwenye mwanga.

Fundi_Lindi_Mjini

Na ukiipata ya Dar usitume hela kwanza. Mwambie muuzaji akutumie video ya zumu ikienda na kurudi yenye sauti, menyu ikionyesha lugha, na ile picha ya ukuta mweupe kwa f/11. Niwekee hapa niiangalie kabla hujalipa.