Mdogo wangu kiziwi kanyimwa kazi kiwandani, nifanyeje wakuu?

Wakuu habari za leo, naombeni ushauri. Mdogo wangu ni kiziwi, kamaliza VETA fani ya ushonaji na cherehani anaijua kwelikweli, juzi nikaenda naye kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar wakampa kitambaa ashone kola ya shati, supavaiza akaigeuzageuza akavuta mshono akasema huyu yuko vizuri. Kufika kwa afisa utumishi mambo yakabadilika, eti hatasikia kengele ya moto, halafu mwanzo mwisho anaongea na mimi tu, dogo kakaa pale anatuangalia midomo. Mwisho tukaambiwa "tutampigia simu". Kiziwi jamani! Imeniuma sana. Tupambane nao au tutafute kwingine?

Mama Zai: Pole sana dada. Mi nipo laini ya ovaloki kiwanda kingine, kwa zile kelele hata sisi tunaosikia tunaongea kwa ishara. Kengele sio sababu, wafunge taa ya kuwakawaka na jirani yake amguse bega watoke wote.

Kibarua Mstaafu: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 iko wazi, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu, awe serikali awe binafsi, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi hata kwa anayeomba kazi. Waandikieni barua kuuliza kwanini hakuchukuliwa, tunzeni nakala. Wakikaa kimya nendeni CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ila msizembee, ni ndani ya siku 60.

Juma TMK: Mi naona kesi iwe mwisho kabisa, ukianza na CMA hata akipata hiyo kazi atafanya kwa presha. Nendeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wawaunganishe na mkalimani wa lugha ya alama, mrudi muombe ajaribiwe hata mwezi.

Kibarua Mstaafu: Juma nakuelewa, ila upole huu ndo unafanya kampuni binafsi zione ile asilimia 3 ni hisani, Desemba 3 siku ya watu wenye ulemavu zinagawa baiskeli za magurudumu matatu zinapiga picha, ajira hawatoi. Barua na mkalimani viende pamoja.

Mleta uzi: Asanteni sana. Dogo kasoma zote, anasema barua ataandika mwenyewe kwa jina lake, mi niwe shahidi wa yale tuliyoambiwa. Anayejua ofisi ya CHAVITA hapa Dar ilipo anielekeze tafadhali, kesho asubuhi tunaenda.