Mrejesho: Prado 120 nimeinyanyua inchi 2

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa pili niliuliza hapa nichukue seti ya kunyanyulia gari ya inchi 2 au 4 kwa njia ya Ifakara hadi Malinyi, maana masika tumbo la gari lilikuwa linalalia tope la katikati.

Nilimsikiliza aliyesema niachane na inchi 4: Prado 120 kila tairi la mbele linajitegemea, ukipandisha mno shafti zinakaa mshazari na sivi jointi (viungo vya shafti za tairi) zinaisha mapema. Nikafunga inchi 2, springi na shokomzoba mpya zote nne, siyo zile spesa za kuinulia springi ya zamani.

Masika yote nimevutwa na trekta mara moja tu, na pale hata Fuso lilikuwa limekwama.

Nilipochemka ni springi za nyuma. Nilionywa, nikachukua za mzigo mzito kisa bei ilikuwa ileile. Gari likiwa tupu linarusha kama punda, mama watoto haachii kishikio cha juu. Nikipakia magunia manne ya mpunga, linatulia kabisa. Kama hubebi mzigo mara kwa mara, chukua za kawaida.

Halafu alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Fundi aliniambia haina haja. Wiki tatu, tairi za mbele zimelika upande mmoja. Nimeshapima, usukani umenyooka. Taa nazo nimezishusha, zilikuwa zinawapiga watu machoni.

Asanteni sana. Springi za nyuma nitabadilisha nikishauza mpunga.