Mchezo wa kubahatisha namba unakataa jibu la kweli, munisaidie

Mwanafunzi wa Kadutu
Wakubwa, habari zenu. Niko Bukavu, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa laputopu ya kaka yangu, usiku akishalala. Hili ndilo zoezi langu la kwanza bila kunakili kwa mtu: kompyuta inaficha namba kati ya 1 na 100, mchezaji anaitafuta.

import random
siri = random.randint(1, 100)
jibu = input("Taja namba: ")
while jibu != siri:
    print("Hapana, rudia")
    jibu = input("Taja namba: ")
print("Umeipata!")

Programu inaanza vizuri, haitoi kosa lolote. Lakini jana nilitaja namba zote kuanzia 1 mpaka 100, nikizikata moja moja kwenye daftari, na zote ikajibu "Hapana, rudia". Nikaiambia inionyeshe siri: 37. Nikaandika 37. "Hapana, rudia." Kosa liko wapi?

Fundi wa Himbi
Mdogo wangu, pole. Ile kazi ya daftari haikupotea, maana imeonyesha kwamba shida si bahati yako. Input inaleta maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu tupu. Andika print(repr(jibu)) utaona '37' iko ndani ya alama za kunukuu. Hiyo ni 3 na 7 zilizoandikwa jirani. Siri ni namba inayohesabika. Python inaona vitu viwili tofauti, hazitalingana kamwe.

Chini ya kila input weka jibu = int(jibu), inageuza maandishi kuwa namba. Ziko input mbili, kwa hiyo weka mara mbili. Ukisahau ile ya ndani ya while, mchezo utakubali jibu la kwanza tu.

Mama Ibanda
Fundi amesema kweli. Mimi naomba uongeze kitu kimoja, mwanangu: mchezaji aambiwe aelekee wapi. Ndani ya while, kabla ya kuuliza tena, kama jibu < siri (jibu ni dogo kuliko siri) mwambie "Panda", la sivyo "Shuka". Hapo ndipo mchezo unakuwa na akili, kwa sababu ukianza katikati, kila jibu linaondoa nusu ya namba zilizobaki. Mara 7 zinatosha kwa 100. Na ungekuwa umeweka hiyo < tangu mwanzo, Python ingekataa palepale kwa TypeError, yaani kosa la kuchanganya maandishi na namba; alama ya != (si sawa na) ndiyo iliyokufichia kosa.

Mwanafunzi wa Kadutu
Aksanti sana Mama, aksanti Fundi. Imekubali! Nimecheza 50, 75, 62, 68, 65, 63, kisha 64: "Umeipata!" Mara 7 kamili, nimehesabu kwa vidole.

Asubuhi kaka naye amejaribu, akaandika "sitini" kwa herufi. Programu ikaanguka: ValueError, yaani int haikuweza kugeuza neno hilo kuwa namba.

Fundi wa Himbi
Soma try na except leo usiku, ndizo zinazokamata kosa programu isianguke, kisha urudi hapa utuonyeshe mistari yako.