Revenge of the Ninja (1983), Blu-ray ina tofauti kweli?

Wakuu habari zenu, hii muvi ya Sho Kosugi naipenda sana ila kopi yangu ilitolewa kwenye kanda ya VHS, sini za usiku ni giza tupu na ninja mwenyewe kavaa nyeusi, unasikia panga zinagongana tu. Nitafute Blu-ray au ndo yale yale?

Kanda_Mbili: Tafuta mkuu, tena mapema. Muvi ilitoka kwa upana wa 1.85:1 (upana ni mara 1.85 ya kimo), kanda za zamani mara nyingi zilikatwa pembeni zienee kwenye TV za mraba, na zikikatwa hivyo zaidi ya robo ya picha inaenda. Kwenye ule mpambano wa mwisho juu ya ghorofa unataka umuone anayerusha na anayekwepa kwa pamoja, sasa ukikata pembeni mmoja hayupo!

mama_wa_muvi: Naongezea hapo, VHS inatoa mistari kama 240 hivi na Blu-ray 1080, kwa hiyo lile giza linafunguka, unaona mpaka mikunjo ya nguo. Ila usishangae ukiona chembechembe kwenye picha, hizo ni za ule mkanda wa filamu uliopigiwa muvi, wakizifuta kwa kompyuta sura za watu zinakuwa kama plastiki na mi hiyo siipendi kabisa

Kanda_Mbili: Kweli kabisa dada. Na sauti ni mono (njia moja tu ya sauti), spika za pembeni zikinyamaza usihangaike na waya

Muulizaji: Asanteni sana wakuu, naisaka