Wakuu mnaoandika, akili zenu huchangamka saa ngapi?

BintiNkuhungu
Habari za jioni wakuu. Mimi naandika riwaya, ila mkate wangu ni ukarani huko Mtumba, Dodoma. Nafika nyumbani Nkuhungu saa moja, vumbi hadi kwenye kope. Nikishaosha vyombo nafungua kompyuta saa tatu, na hapo maneno yanakuja yenyewe, tena na utundu wake, lakini kesho yake nikisoma naona nusu hayafai. Nimeshauriwa kuamka saa kumi alfajiri. Nikiamka sarufi inanyooka, ila wahusika wanaongea kama barua ya kuomba likizo. Na baridi hii ya Julai na upepo wake! Ni uvivu au kweli kuna saa ya kuandika?

MzeeKisasa
Alfajiri, binti. Toni Morrison, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani, alilea watoto huku ana kazi ya uhariri, akawa anaandika kabla hakujapambazuka. Simu weka mbali, lala mapema.

Mhariri_Hombolo
Shikamoo mzee. Morrison ni kweli, ila alianza hivyo kwa sababu ya watoto, hakuwa na saa nyingine. Dada, saa kumi ndipo joto la mwili wa watu wengi linakuwa chini kabisa. Kuamka unaamka, ila ubongo bado haujaamka.

Kuna utafiti wa wanasaikolojia Wieth na Zacks, 2011. Waliwapa watu mafumbo, na yale yanayohitaji wazo la ghafla yalifumbuliwa vizuri zaidi saa ambazo mtu hayuko makini. Akili ikichoka haichuji sana, mambo yasiyohusiana yanakutana. Huo utundu wako wa saa tatu unatoka hapo, na hizo takataka pia, vinakuja pamoja. Kwa hiyo usiku andika tu, hata kurudi juu kusoma usirudi. Kukata yasiyofaa kuache hadi Jumamosi asubuhi ukiwa umeshiba usingizi.

Mimi natafsiri na kuhariri. Saa nane mchana sigusi sentensi ya mtu. Watu wanasingizia ugali na mlenda, lakini ule mlegeo humpata hata aliyeshinda njaa, ni saa ya mwili. Muda huo nabaki kupanga kurasa na kujibu barua pepe.

Halafu kahawa. Ukishainywa, baada ya muda wa saa tano hivi karibu nusu yake bado imo mwilini. Ya saa kumi na moja jioni unalala nayo saa nne.

MamaPacha_Kondoa
Nyie mna bahati ya kuchagua saa. Mimi naandika pacha wakilala, na hawalali pamoja. Siku hizi narekodi sauti kwenye simu nikiwa nasonga ugali, mazungumzo ya wahusika yanatoka vizuri kuliko nikikaa mezani.

BintiNkuhungu
Asante kaka Mhariri. Kwa hiyo za usiku nisifute?

Mhariri_Hombolo
Usifute hata mstari. Na ukiweza andika kwa mkono, kwenye daftari huwezi kufutafuta ovyo.

MzeeKisasa
Marahaba kijana. Ila hayo ya usiku ni ya umri wenu. Ukizeeka usingizi unawahi kuja na unawahi kuondoka, utaamka saa kumi bila kushauriwa na mtu. Daftari nunua lenye mistari mipana.