Tupeane uzoefu: mbinu gani ya kufuma au ya kroshia iliyokunyooshea kazi?

SindanoNne, Kabale
Wafumaji, hamjambo? Huku kwetu Juni imeingia na baridi yake, wazazi wanaulizia masweta ya watoto. Naomba leo tusitumiane picha za mitindo. Kila mmoja aeleze mbinu iliyobadilisha kazi ya mikono yake, na kwa nini inasaidia. Wanaojifunza wengi hukwama kwa sababu wanaonyeshwa sweta likiwa limeshakamilika.

Naanza na kipande cha kupimia. Nafuma mraba wa sentimita 15 hivi kwa uzi uleule na sindano zilezile, naufua, naulaza ukauke, kisha nahesabu vitanzi kwenye sentimita 10 za katikati, maana pembeni huvuta. Tuseme mtindo unataka vitanzi 20 kwa sentimita 10, na mkono wako unatoa 22. Sweta la kifua cha sentimita 80 lina vitanzi 160. Kwa mkono wako litatoka chini ya sentimita 73. Mtoto hataingia. Chukua sindano nene kidogo, upime tena.

UziMwekundu, Kampala
Mimi ni uzi wa akiba. Kila baada ya mistari kadhaa napitisha uzi mwembamba wa pamba, wa rangi nyingine, ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, halafu naendelea kufuma. Kitanzi kikiponyoka huko juu, nafumua hadi pale tu. Kwa mitindo ya matundumatundu siachi kabisa.

Mnyororo, Jinja
Kwa wenzangu wa kroshia: shuleni sisi tulifundishwa majina ya vitanzi ya Uingereza, na video nyingi siku hizi zinatumia ya Marekani. Dabo kroshia ya Mwingereza ndiyo singo kroshia ya Mmarekani. Trebo ya Mwingereza ndiyo dabo ya Mmarekani. Binti mmoja aliniletea kofia iliyokuwa ndefu kama mfuko, akilia kwamba mikono yake haifai. Mikono ilikuwa mizuri sana! Alisoma maelezo ya nchi moja kwa majina ya nchi nyingine, akafuma vitanzi virefu kuliko vilivyotakiwa.

Ukikuta neno singo kroshia, jua ni Marekani, kwa kuwa Waingereza hawana jina hilo. Namba za sindano nazo ni hivyohivyo: namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Ulizeni milimita tu dukani.

BibiWaBombo
Wanangu, nina mjukuu anayetumia mkono wa kushoto. Walimkatisha tamaa kwa kumkalisha ubavuni mwa mwalimu. Nilimketisha mbele yangu, tukatazamana uso kwa uso, nikamwambia aige kama anajitazama kwenye kioo. Sasa anafuma vitambaa vya makochi, mimi nambakizia kazi ya kutia wanga wa muhogo. Msiwalazimishe watoto wabadili mkono, nawaomba.

Mivumba, Mbale
Shikamoo bibi. Langu ni uzi wa kufumua. Uzi mpya wa sufu ni ghali, lakini kwenye mivumba, yaani mitumba, kuna masweta ya sufu nzuri ambayo watu huyapita kwa sababu ya doa au kola iliyoisha. Siri iko kwenye mshono wa ubavuni, kwa hiyo ligeuze ndani nje kabla hujalipa. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za mashine, liache: kila mstari umekatwa, utapata vipande vifupi vya upana wa sweta. Unataka mshono ambao pande mbili zimeunganishwa kwa mnyororo na kingo zake ni nzima. Hilo linafumuka uzi mmoja mrefu. Pia vuta vitanzi kwa kucha. Sufu iliyofuliwa kwa maji moto ikagandamana haifumuki hata kwa maombi.

Anza kufumua kutoka juu, pale ambapo fundi alimalizia. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyike, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha uning'inize na kitu kizito kidogo chini. Mikunjo itanyooka. Ukiufuma bado umejikunja, vitanzi havitalingana.

KofiaNdogo, Arua
Asante sana, dada. Je, akriliki nayo naweza kuinyoosha kwa pasi? Na vipande vikikatika naunganisha vipi bila fundo?

Mivumba, Mbale
Pasi usiiguse akriliki, mdogo wangu. Joto linailegeza, na ikishalegea hairudi tena. Iloweke tu, uilaze ikauke. Kuunganisha: kama ni sufu isiyotiwa dawa ya kuzuia kugandamana, tawanya ncha mbili, zipishanishe, zilowanishe, uzisugue kati ya viganja hadi zishikane. Akriliki na pamba hazikubali hilo. Kwa hizo fuma vitanzi vichache kwa nyuzi mbili pamoja, wa zamani na mpya, ncha utazificha kwa sindano ya kushonea ukimaliza. Na uunganishe pembeni mwa kazi, usiunganishe kifuani.