Mbao za mfano wa Vasa zinainuka upande wa omo

Nanga_Baridi
Salaam, wanajukwaa. Ninaunda mfano wa mbao wa Vasa, manowari ya Uswidi iliyozama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, kwa kipimo cha 1:75. Mkuku (uti wa chini wa meli) na mataruma (mbavu zake) yamekwisha kusimama, na sasa ninabandika ubavuni mbao zenye upana wa milimita 5. Safu tatu za kwanza zilikaa vizuri, lakini kuanzia ya nne kila ubao ukifika upande wa omo, yaani mbele ya meli, huinua ukingo mmoja na kulalia ule uliotangulia, hata nikiuacha kwenye vibanio usiku kucha. Je, niuloweke zaidi, au tatizo liko kwingine? Aidha, michoro yangu inaonyesha shetri, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ikiwa ya buluu, ilhali picha nyingine zinaonyesha nyekundu. Nifuate ipi?

Fundi_Randa
Ndugu, maji hayatakusaidia hapo. Ubao mwembamba hukubali kupindwa kwa bapa lake, lakini ukiulazimisha upinde kwa ukingo, lazima uinuke. Umbo la meli hubana kadiri unavyokaribia omo, nawe unatumia mbao zenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Hazina pa kwenda. Chukua ukanda wa karatasi, uulaze juu ya taruma la katikati kutoka ubao wa mwisho uliokaa sawa hadi mkukuni, kisha uupime. Tuseme umepata milimita 90: hapo zitaingia mbao 18. Rudia kwenye taruma la mbele kabisa. Ukipata milimita 54, gawanya kwa 18, na kila ubao utapaswa kuwa na upana wa milimita 3 mahali hapo. Ubane ubao kwenye jiriwa, katikati ya vipande viwili vya mti mgumu, uupunguze kwa randa ndogo kuanzia pale ubavu unapoanza kujikunja. Jibu likishuka chini ya nusu ya upana wa awali, usiendelee kuchonga, kwa sababu ncha haitashika gundi. Afadhali baadhi ya mbao ziishie njiani, na za jirani zikatwe pengo la kuzipokea.

Mshika_Tupa
Naafikiana na Fundi, ila maji nayo yana kazi yake, yaani kuupinda ubao kwa bapa uzunguke omo. Uloweke, uupinde, uubane mahali pake bila gundi, na uuache ukauke kabisa ndipo uubandike. Ubao uliolowa huwa umevimba, na ukibandikwa hivyo utasinyaa na kuacha mwanya. Kabla ya hayo yote, laza ubao mmoja juu ya mataruma kadhaa na uchungulie kwa chini. Ukigusa pembe tu ya taruma badala ya unene wake wote, lichonge kwa tupa au msasa. Pia bandika upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu, la sivyo mkuku utapinda, na kasoro hiyo haina dawa.

Nanga_Baridi
Nashukuru sana. Nimekagua, na kweli mataruma mawili ya mbele yanagusa kwa pembe tu. Safu ya nne niing'oe?

Fundi_Randa
Ing'oe. Ikiwa ulitumia gundi nyeupe ya mbao, ipake spiriti kwa brashi, subiri ilegee, kisha upitishe kisu chembamba chini yake. Usivute kwa nguvu.

Kale_na_Bahari
Kuhusu rangi, fuata nyekundu. Baada ya meli kuinuliwa mwaka 1961, wengi waliamini kwamba sanamu zake zilikuwa zimewekwa juu ya buluu, lakini uchunguzi wa chembe za rangi zilizosalia kwenye mbao ulionyesha nyekundu, na mfano wa 1:10 ulioko katika jumba la makumbusho la Vasa umepakwa hivyo. Bila shaka michoro yako ni ya zamani. Nikuongezee moja: matundu ya mizinga hufuata mkunjo wa sitaha, si mstari wa mbao za ubavuni, kwa hiyo yapime kutoka kwenye sitaha kabla hujaifunika.